Mkono Mmoja Mnadani

Wiki jana, msomaji, tulimwacha Wamucii amesimama kwenye baraza ya nyumba yake pale Langas, mtaa wa Eldoret. Dalali ameinua nyundo, umati wote umefunga mdomo kama ulivyoapa, na ghafla mkono mmoja ukainuka kutoka nyuma.

Wamucii aliujua mkono ule kabla ya kuuona uso. Alilijua lile koti la kahawia lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko. Kiraka alikishona yeye mwenyewe, siku ya harambee ya mabati ya kanisa.

Ulikuwa mkono wa Mzee Bethwel Kimeli.

Mzee wa kanisa! Yule yule aliyewaongoza watu Jumapili kula kiapo. Yeye ndiye aliyetangulia kuweka kiganja kwenye mwimo wa mlango wa mjane huyu, Wamucii, na kusema, "Nyumba ya jirani si mali ya sokoni. Atakayeitajia bei, tusimpe mkono tena." Na watu wote, waliotoka Nyeri na waliotoka Kapsabet, wenye ploti na wapangaji, wakapita mmoja mmoja wakigusa mwimo ule.

"Nani huyo nyuma?" dalali akauliza, uso ukimchangamka. Dalali huyo, Ogola, alikuwa amezunguka Eldoret akipiga kengele kwenye milango ya watu, lakini huo ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Watu walikuwa wakipanga foleni kutafuta unga. Nani angetafuta nyumba? "Sema, Mzee! Sema bei!"

Kimeli akasema bei.

Haikuwa bei ya mnada. Ilikuwa bei ya mtu anayeitaka nyumba kwa moyo wote. Ingelifuta deni la benki lote.

"Ngai!" akapiga kelele Muthoni, muuza sukumawiki. "Mumemsikia? Alitufunga sisi midomo ndio anunue peke yake!"

"Msaliti!"

"Na jana alikuwa anatuombea!"

"Mzee mzima, mvi mpaka kwa masikio, huoni haya?"

Kimeli alikuja akipenya katikati yao, mkono wake ungali juu, na watu wakamwachia njia kama wanavyomwachia mtu mwenye upele. Akasimama chini ya baraza.

"Mama Macharia," akasema polepole. Macharia ndiye kifungua mimba wa Wamucii. "Nisikilize. Tukinyamaza leo, kesho watakuja Soy."

Soy! Jina hilo lilimchoma Wamucii kama mwiba chini ya kucha. Soy ndiko kulikokuwa na kishamba chao, na katikati ya kishamba, chini ya udongo ambao bado haujashikana, alilala mumewe Githinji. Ni Githinji aliyekopa benki akajenga vyumba hivi vya kupangisha, wakati kiwanda cha nguo kilipokuwa kikiandika watu kila wiki. Halafu kiwanda kikaanza kuwarudisha watu makwao. Wapangaji wakaondoka na magodoro vichwani, mlango mmoja, mlango mwingine, hadi nyumba yote ikabaki mwangwi. Githinji hakuustahimili mwangwi ule.

Na sasa Kimeli anataja Soy?

"Kwani hata Soy unaitaka, Mzee?" Wamucii akauliza. "Nyumba haikutoshi? Unataka na kaburi?"

"Mama, sivyo. Wacha nikueleze."

"Teremsha mkono."

"Mama Macharia..."

"Mzee, kama umewahi kula kwangu, kama umewahi kuomba chini ya hii mabati, teremsha mkono!"

Kimeli alimtazama. Akatazama mwimo wa mlango. Kisha mkono ule ukashuka taratibu, kama bendera inavyoshushwa jioni kwa ofisi ya chifu.

"Mama," Ogola akaingilia, "unajua unachofanya? Mnunuzi akijitoa kabla sijagonga nyundo, mimi sina la kumfanya. Huyu ndiye alikuwa na bei."

"Najua ninachofanya," akasema Wamucii.

Hakujua. Ee Mungu, hakujua!

Kimeli aligeuka akaenda zake. Mtu mmoja akamtemea mate karibu na kiatu. Hakugeuka.

Kimya kikarudi. Ogola akapunguza bei: kimya. Akapunguza tena: kimya. Askari wa chifu aliyekuja naye akachoka kusimama juani, akakaza mkanda.

"Nyinyi watu! Ni wanunuzi ama ni mkutano? Kama ni mkutano, kibali kiko wapi?"

Watu wakatazamana. Siku zile, msomaji, hata mazishi yalihitaji mtu wa kueleza kwa nini watu wamekusanyika.

"Sisi ni wanunuzi, afande," Muthoni akajibu. "Tunaangalia mali. Lakini haijatupendeza."

"Haijawapendeza nini?"

"Rangi ya milango."

Kicheko kikapasuka. Hata askari aliuficha mdomo wake kwa kofia. Wamucii naye alicheka, akajifuta macho kwa kanga, akawatazama majirani zake na kuwaza: nikipoteza kila kitu, hawa hawatapotea. Kikumbuke kicheko hicho, msomaji. Hakikurudi upesi.

Kwa maana nje ya lango, ameegemea gari lake, palikuwa na mtu wa koti la ngozi. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao kutoka upande wa Timboroa. Hakuwa jirani wa mtu yeyote pale na hakugusa mwimo wowote. Alingoja bei iteremke mpaka chini kabisa, kama mtu anavyongoja maji ya mto yapungue ndipo avuke. Halafu akainua kidole kimoja.

Alichotaja hakingejenga hata choo.

"Mara ya kwanza!" Ogola akaita, akiwatazama watu kwa macho ya kuomba. "Jamani, mara ya kwanza! Hakuna mwingine? Mara ya pili!"

Hakuna aliyekohoa hata kidogo. Walishikana mikono. Walishika kiapo.

Nyundo ikaanguka.

Hapo wanawake wakaimba. Si kwamba walifurahi. Nyumba ilikuwa imekwenda, na walijua. Lakini waliimba kumshukuru Mungu kwamba hakuna mkono wa nyumbani uliomuuza mjane. Wakamkumbatia mmoja mmoja. "Hakuna wa kwetu aliyekula jasho la Githinji, Mama Macharia. Hakuna! Yule mmoja tulimrudisha." Wengine walikuwa wameacha vibarua vya siku ile, na nyumbani hakukuwa na unga.

Ogola alingoja watu wapungue, akamwita pembeni.

"Mama, nasikitika. Unaelewa kwamba hii bei haikufika hata nusu ya deni?"

"Naelewa. Nyumba imekwenda. Tumemalizana."

"Hatujamalizana." Ogola aliifunga kengele yake ndani ya gazeti, ili isilie njiani. "Marehemu aliweka hati mbili, hii ya ploti na ile ya Soy. Nyumba ingelipa, ya Soy ingerudi kwako. Haikulipa. Kwa hivyo..."

"Kwa hivyo nini?"

"Kwa hivyo mwezi ujao nitapiga kengele Soy."

Wamucii alijua hati zote mbili zilikwenda benki. Alidhani moja ikiliwa, nyingine inarudi nyumbani, kama ndugu anayetoka jela mwenzake akibaki ndani. Hakuna aliyemwambia vingine. Lakini hapana! Mtu mmoja alijaribu kumwambia, mbele ya watu wote, mkono ukiwa juu.

Tukinyamaza leo, kesho watakuja Soy.

Yule wa koti la ngozi alikuwa akipita akigonga kuta kwa kidole, akisikiliza kama ni imara. Akamwona alivyosimama.

"Mama, mimi sikuja kukudhulumu," akasema, na ilionekana anasema kweli. "Bei sikuipanga mimi. Waliipanga hao walionyamaza."

Wamucii hakungoja kusikia zaidi. Alitoka langoni kichwa wazi, kitambaa kikimwangukia mabegani.

*

Kimeli alikaa pembeni mwa Langas, kule chini karibu na mto, mahali ambapo mtu bado angeweza kufuga. Wamucii aliteremka njia ya matope, akafika, akavua viatu mlangoni kwa sababu ya matope yale, akabisha.

Alifungua Jepchirchir, mkewe Kimeli. Hakusema karibu. Alisogea tu kando, na kwa mtu ambaye miaka yote alikuwa akimpokea kwa mikono miwili, hilo lilitosha.

"Mzee yuko?"

"Yuko. Ataenda wapi? Njia zote zina watu wanaotema mate."

Kimeli alikuwa ameketi kwenye kigoda, koti bado mwilini. Aliinuka nusu, akaketi tena. Jepchirchir akaenda jikoni, akarudi na kikombe, akakiweka mbele ya mgeni kwa kishindo kidogo.

Wamucii akakitazama kikombe.

Ilikuwa turungi. Chai nyeusi tititi, bila tone la maziwa.

Msomaji, unajua na mimi najua: katika nyumba ya Mnandi kama Kimeli, chai nyeusi haimfikii mgeni. Hata mwaka wa njaa maziwa hutafutwa. Wamucii alikuwa amekunywa chai ya nyumba hii mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na kila mara ilikuwa nzito, nyekundu, inashika midomo. Akainua macho. Ukutani vibuyu vya mursik, maziwa yao ya mgando, vilikuwa vimening'inizwa midomo chini, vikavu. Dirishani boma la ng'ombe lilionekana. Lango lake lilikuwa wazi.

"Ng'ombe wako mtoni?" akauliza, na tayari moyo ulikuwa umeshajibu.

"Wamekwenda," akasema Jepchirchir.

"Watarudi jioni?"

Jepchirchir akacheka kicheko kikavu. "Wale hawajui njia ya kurudi, mama. Walipita barabara ya sokoni jana, wote, hata Chelel, yule mweupe. Si unamkumbuka Chelel? Wewe ulipotoka hospitali na mtoto wako wa mwisho, maziwa hayatoki, nani alikunywesha?"

"Jepchirchir," Kimeli akamkanya.

"Wacha niseme! Umeuza ng'ombe, na ng'ombe ni wangu pia. Halafu huyu anakuambia mbele ya Langas nzima teremsha mkono, na wewe unateremsha, kama mtoto wa nasari!"

Wamucii alitoka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni.

"Mzee, ulitaka kuninunulia nyumba yangu."

"Inuka, mama. Mtu hapigi magoti kwa mtu."

"Ulitaka kuninunulia!"

"Kwa karatasi tu ingekuwa yangu. Ungekaa. Vyumba vyote hivyo mimi nitapeleka wapi? Benki ilipwe, hati ya Soy irudi, na mambo yakitengemaa, wewe na Macharia mngenirudishia kidogo kidogo. Basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nauza ng'ombe, ungekubali?"

Wamucii akatikisa kichwa.

"Ndiyo hiyo," akasema Kimeli. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Na kile kiapo, mama, ni mimi nilikileta. Nilifikiri tukinyamaza, nyumba itakosa mtu na benki itachoka. Juzi nilipita town kwa mkwe wangu, yule karani wa korti. Akaniuliza, 'Baba, nani alikudanganya? Benki haichoki. Bei ndiyo huchoka.' Nilitoka pale. Nikasema, Mungu wangu, nimewafunga watu wako kamba na kamba yenyewe iko shingoni mwa mjane."

Nje kuku walikwaruza. Jepchirchir alijipangusa uso kwa mkono wa sweta, haraka, kama asiyetaka kuonwa.

Kimeli akaingia chumba cha ndani, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha meza.

"Hii ni ya Chelel na wenzake. Nyumba imeshapita, lakini itatosha kumzuia dalali asifike Soy. Ipeleke benki Jumatatu. Githinji asiamshwe."

"Siwezi, Mzee."

"Utaweza. Wafu hawana pa kuhamia." Akamwekea kifurushi mikononi, akamfumba vidole kwa vidole vyake. "Nina ombi moja. Usiwaambie watu."

"Nisiwaambie nini?"

"Usiwaambie kwamba kimya chao ndicho kilichokula nyumba. Wale watu walikuja na njaa, mama. Walisimama juani kwa ajili yako. Wanafikiri walikupa kitu. Ukiwaambia ukweli wataubeba mpaka kaburini, na hawatathubutu kusimama na jirani mwingine tena. Wacha wanione mimi msaliti. Mabega yangu yamezoea mizigo."

"Na yangu?" Jepchirchir akauliza kwa sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mimi nitateka maji na nani? Nikiugua, nani atanikorogea uji? Umesema ya Langas nzima, Mzee. Ya kwangu hujasema."

Kimeli akasema, "Tuombe," na wote watatu wakainama. Lakini kabla neno halijatoka, wimbo ukasikika kutoka juu ya njia.

Ulikuwa ule ule wa kwenye mnada. Ulikuja ukiongezeka, ukafika uani, ukakatika.

"Mzee Kimeli!" Ilikuwa sauti ya Muthoni. "Kanisa limekuja kuchukua ufunguo wake! Hatuingii. Lete hapa nje!"

Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwenye msumari kando ya mlango. Kimeli alikuwa ndiye mwenye kufungua kila Jumapili, tangu siku ambayo kanisa lilikuwa nguzo na turubai. Aliinuka, akautoa msumarini, akaufuta kwa koti. Akasita na ufunguo kiganjani, kama mtu aliyesahau mlango uko wapi.

Nje mtu akasema, "Ngojeni. Hivi si viatu vya Mama Macharia?"

Minong'ono.

"Haiya! Ni vyenyewe. Huyo mzee amemwita huku amfanye nini?"

"Mama Macharia! Uko ndani? Toka kwa huyo mtu! Usiogope, tuko hapa!"

Tuko hapa. Wamucii alifumba macho. Hao ndio waliomshika mkono siku ya mazishi. Hao ndio waliomchangia unga wa njano, kikombe kikombe.

Alimtazama Kimeli. Macho ya mzee yalimsihi: usiseme.

Alimtazama Jepchirchir. Macho ya mama yalimsihi: sema.

Alikisukuma kifurushi chini ya kanga, kifuani, akahisi uzito wake kama uzito wa mtoto mchanga. Akauchukua ufunguo kutoka kiganjani mwa Kimeli, naye mzee hakuuzuia. Akafungua mlango.

Nuru ikampiga usoni. Uani walikuwa wamejaa, na mbele yao Muthoni, mkono umenyooshwa kuupokea ufunguo.

"Sema, mama," akasema Muthoni kwa upole. "Huyu mtu amekufanya nini?"

Na umati ule ule uliokuwa umeapa kunyamaza kwa ajili yake ukanyamaza mara ya pili siku ile, ukingoja neno moja litoke kinywani mwa Wamucii.

Wamucii akainua mkono wenye ufunguo juu, kama Kimeli alivyouinua wake mnadani.